Chome ya Juu ya Meza

Vijana wangu mnaojenga vijumba, hebu wekeni chini hiyo gundi kwanza. Najua ya siku hizi inashika kabla mtu hajamaliza kufikiri. Yetu ilikuwa utomvu wa mgunga. Unabandika ukuta asubuhi, unakwenda kuchota maji, unarudi, ukuta bado unajishauri. Nilijifunza uvumilivu hapo, pamoja na matusi madogo madogo ya Kipare ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu wanasoma.

Mimi ni Nakijwa, binti wa Chome, kule juu karibu na msitu wa Shengena. Shule nina darasa la nne la misheni. Mdomo nilisoma mpaka nikavuka. Nimejenga nyumba maisha yangu yote na hakuna hata moja ambayo mtu angeweza kuingiza mguu. Nimejenga vijiji vya kufundishia watoto shuleni, mabwawa ya kuonyesha wakubwa wa maji, hata kanisa lenye kengele iliyotokana na pete ya pazia. Yote yalianzia Same, wakati wa Mwingereza, kwenye meza ya mtu tuliyemwita Bwana Pole. Na nusura yaishie papo hapo, maana baba yangu alituma neno kwamba anashuka kunichukua.

Neno lililetwa na akina mama walioshuka sokoni. "Nakijwa, baba yako amesema uanze kufungasha. Anakuja mwenyewe."

Nilikuwa nimekwenda Same kumsaidia shangazi aliyejifungua. Sasa mtoto alikuwa anatembea, anaiba sukari, na mimi sijarudi. Chome walishaanza kusema binti wa mzee wa kanisa anashinda nyumbani kwa Mzungu akichezea midoli. Hilo neno "akichezea" ndilo lililomuuma baba. Angesikia nimeiba labda angeuliza kwanza. Lakini kuchezea, msichana mzima mwenye mikono miwili!

Basi mjue hivyo, baba anashuka. Tukimsubiri nitawapa mengine, kwa kuwa kutoka Chome mpaka Same enzi hizo ni miguu, na baba alikuwa mtu wa kusimama njiani kubishana.

Bwana Pole alikuwa mkubwa wa njia ya reli. Alipita juu ya kiberenge kukagua mataruma, kofia kichwani, magoti mekundu kama nyanya. Jina lake la kweli lilitushinda kutamka. Tulimwita Pole kwa sababu alisema pole kwa kila jambo. Umejikwaa, pole. Umeoa, pole. Nyumbani kwake, kilimani juu ya stesheni, aliweka meza kubwa kuliko kitanda cha harusi, na juu ya meza reli ndogo yenye kigari moshi cha kujazwa kwa ufunguo kama saa. Aliyechonga meza ni Fundi Elisante, jirani wa shangazi. Kazi yake ilikuwa milango na majeneza. "Watu wanaingia, watu wanatoka," alikuwa akisema, "mimi nakula kote kuwili."

Shangazi alikuwa anauza makande kwa watu wa reli, na siku moja akanituma nimpelekee fundi bakuli lake kwa Bwana Pole. Nikaingia, nikaona vijumba vya bati vilivyotoka Ulaya, paa jekundu, maua dirishani. Nikacheka.

"Unacheka nini?" Bwana Pole akauliza.

Fundi akanikanyaga mguu. Mimi nikikanyagwa mguu ndiyo mdomo unafunguka.

"Nyumba nzuri, bwana. Ila watu wake wamekufa wote."

"Pole! Wamekufa kwa nini?"

"Hakuna njia ya kwenda chooni. Hakuna kuni, hakuna kuku, mlangoni hapajakanyagwa. Anayekaa humu anatoka na mabawa?"

Fundi Elisante akafumba macho kama mtu anayeombewa. Bwana Pole aliviangalia vijumba vyake kwa muda, akavuta kiti, akaniambia, "Basi wewe tengeneza moja yenye mtu."

Nikatengeneza. Ilikuwa aibu tupu. Nyumba ilikuwa kama kiazi, na mbuzi niliyemfinyanga kwa udongo alikuwa mkubwa kukipita kigari moshi. Mbuzi yule angepanda gari moshi, lingepinduka. Bwana Pole hakunicheka. Alikata kijitu kwenye bati, kirefu kama ukucha, akaniwekea kiganjani. "Kila kitu kipitie kwa huyu," akasema. "Asipoweza kuingia mlangoni, au akiweza kuruka paa, basi tumekosea."

Tukamwita kijitu yule Nyapara. Nilimsimamisha kila mahali: kando ya kuku, kando ya chungu, kando ya mgomba. Na ninyi jikatieni Nyapara wenu. Macho yanadanganya, hasa macho ya aliyechoka, ila Nyapara hana jamaa wala rafiki. Namshukuru Bwana Pole kwa bati lile kuliko angenipa ng'ombe. Ng'ombe ningemla.

Vifaa tulivitafuta chini ya miguu yetu. Ule mlingoti mrefu wa mkonge unaobeba maua ukikauka unakuwa mwepesi na laini, unakatika kwa kisu kama mkate wa jana. Hizo ndizo kuta zetu. Paa la bati tulitumia karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Ilaze juu ya kitana, isugue kwa ukucha, migongo ya bati inatokea yenyewe. Vitana vya shangazi viliisha. "Nakijwa," aliniambia, "nikienda kanisani na kichwa hiki nitasema kimejengewa nyumba." Miti tulitumia zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya Shengena. Na mavi ya mbuzi, sikilizeni vizuri, ni mbegu za mchicha. Hakuna kitu duniani kinachofanana na mavi ya mbuzi wa mezani kama mbegu za mchicha. Bwana Pole aliinama na kioo chake cha kukuzia.

"Hii nini, Nakijwa?"

"Mavi, bwana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaomba niongeze mengine karibu na stesheni. Stesheni masta wa kweli, mtu mwenye tumbo la heshima, aliposikia tumemfinyanga kwa udongo na yupo mezani, alikuja kujitazama. "Mbona mmenifanya mnene?" akauliza. Fundi akanitupia jicho la kuniziba mdomo. Nikasema, "Mzee, ule ni udongo tu, ukikauka utapungua. Sijui wewe." Alinuna, lakini aliendelea kuja kujitazama.

Fundi Elisante hakuwa na maneno mengi juu ya kazi. Alikuwa na mikono. Alinifundisha kunoa kisu kabla ya kila kazi, hata kazi ya kukata nyasi. "Kisu kikali ni kipole," alisema, "kisu butu ndicho chenye hasira, kinaruka kutafuta kidole." Alinifundisha pia kutonyoosha kila kitu. Mimi nilipenda mstari uliosimama sawasawa, nimetoka misheni. Yeye akashika nyumba yangu nzuri kabisa, akaibonyeza ubavu kwa dole gumba mpaka ikainama kidogo upande wa bonde. Nililia ndani kwa ndani. Akasema, "Mvua imeipiga. Sasa imekaa Pare."

Alikosea pia, jamani, fundi si malaika. Vijumba tulivyoviezeka kwa nyasi vilianza kumwaga unga. Kila asubuhi mezani kuna vumbi la njano, vijidudu vinatafuna paa usiku kucha. Bwana Pole akaleta dawa ya unga, ikanuka, vijidudu vikanenepa. Fundi akakuna kichwa. "Nyumba haijawahi kuona moto, mnategemea nini? Nyasi bila moshi ni chakula." Kweli kabisa, kwetu nyumba mpya haijaisha mpaka iwashwe moto ndani, moshi upite kwenye nyasi. Fundi hakungoja. Akachukua kaa dogo kwa koleo, akalitia mlangoni mwa nyumba mojawapo, taratibu, kama mwenye nyumba anayehamia.

Nyumba iliungua kwa kishindo kilichozidi umbo lake. Bwana Pole akaimwagia kilichokuwa mkononi, nacho kilikuwa chai ya maziwa. Tukabaki tumesimama, majivu yananuka kama uji. Fundi akavua kofia akingoja kufukuzwa. Bwana Pole akainamia majivu, akasema, "Iacheni. Kila kijiji kina nyumba iliyoungua." Na kweli ilipendeza kuliko zote, na sukari ya chai ilishika majivu barabara. Siku hizi nikitaka majivu yasipeperuke natumia maji ya sukari. Mnaoniuliza siri, ndiyo hiyo.

Zilizobaki tulizipeleka kwa shangazi, tukazipanga juu ya uchaga ule wa kukaushia mahindi juu ya meko. Alizipikia moshi mpaka zikawa rangi ya asali, vijidudu vikahama. Mzungu mmoja mgeni alipokuja kutazama meza alinusa nusa akauliza harufu gani hii nzuri. Nikamwambia, "Makande, bwana. Wako mezani wanapika." Akaangalia chini ya paa.

Sasa mlima. Bwana Pole alitaka milima ya Pare nyuma ya reli, na akaniuliza niijenge sehemu gani. Nikasema Chome, ningesema wapi? Tukafunga wavu wa kuku kwenye mbao, tukaufunika magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa ngano, juu yake chokaa na udongo mwekundu niliochekecha kwa kitambaa. Nikaweka kanisa, migomba, ngazi za mashamba. Na juu ya mashamba nikaweka ndiva yetu, lile bwawa la kulimbikizia maji ya mfereji usiku ili watu wafungulie mchana, kila mmoja kwa zamu yake. Mpare akiona mteremko bila mfereji hapati usingizi. Ndiva nikaipaka nta ya nyuki kutoka kijiji cha Kisiwani isivuje, na mfereji pia. Bwana Pole aliniambia rangi ya buluu ingetosha. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Ndiva ya rangi itanichekesha mpaka kufa."

Ndipo baba akafika.

Alifika na koti lake la kanisani, fimbo, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakupitia kwa shangazi. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Bwana Pole, akapiga hodi kama mtu anayekuja kudai ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fungasha."

Fundi Elisante akaja mbio na kiti. "Karibu mzee, keti, umechoka."

"Sikuja kuketi."

Bwana Pole akatoka, akanyoosha mkono. "Pole, mzee."

"Pole ya nini? Sijafiwa."

Bwana Pole akatafuta neno lingine mfukoni mwake mwa Kiswahili, hakulipata. Akasema chai. Baba akasema hanywi. Nilijua nikipanda Chome safari ile sitashuka tena. Kulikuwa na jembe linaningoja, na huenda mtu mwenye jembe lake pia, na mikono yangu ingesahau kila kitu ilichojifunza. Nikaenda chumbani kwenye meza kuchukua kisu changu na Nyapara. Baba akanifuata nyuma ili nisichelewe.

Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Chome, baba."

"Chome haiko hivi."

Fundi akanong'ona, "Bwana asifiwe, ameanza kesi." Maana mnatujua Wapare. Mtu wetu akishaanza kubisha, safari imeahirishwa.

"Kanisa limesogea mno," baba akasema, fimbo hewani. "Lile jiwe la mlangoni kwa Mzee Sefania liko wapi?"

"Lipo nyuma ya mgomba."

Akainama. Akaliona. Hakufurahi kuliona. "Na huu mfereji? Umechora tu. Hapa kwenye kona maji yangekataa."

"Hayakatai."

"Mimi ndiye ninayetunza ndiva ya watu, wewe unanifundisha mfereji? Yangekataa!"

"Leta maji basi, baba, tuone."

Nilishangaa mdomo wangu mwenyewe. Bwana Pole, ambaye hakuwa ameelewa nusu, alielewa neno maji, akaleta birika. Nikajaza ndiva mpaka kwenye ukingo. Kizibo kilikuwa kijiti kilichofungwa uzi wa mkonge. Nikamtazama baba, nikakivuta.

Maji yakatoka, kamba nyembamba inayong'aa. Yakapita juu ya mashamba ya kwanza. Yakafika kwenye kona, yakajaa, yakasimama kidogo kama yanafikiri, na baba akafungua mdomo aseme nilikuambia. Kisha yakazunguka. Yakapita nyuma ya kanisa, yakashuka ngazi kwa ngazi, yakaingia kwenye shamba letu wenyewe, pale chini ambapo kila kiangazi mama hulalamika.

Baba alikuwa amepiga magoti. Koti la kanisani, sakafuni.

"Nani alipima huu mfereji?" Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Maji, baba."

Hamjui maana yake, ngoja niwaeleze. Kwetu mfereji haupimwi kwa kamba. Unachimba kidogo, unayaita maji, yakija unaendelea, yakikataa unarudi nyuma unajaribu pengine. Niliona hivyo nikiwa mtoto mdogo, nikipeleka chakula kwa watu wa msaragambo, wakati kijiji kizima kimetoka kuchimba kwa pamoja na baba yuko mbele anatazama maji tu, hasemi na mtu. Kwa hiyo pale mezani, kabla sijapaka nta, nilichukua kijiko nikadondosha maji juu ya mlima, nikayafuata kwa mkaa. Bwana Pole alikuwa amepiga magoti upande wa pili akipiga kelele, "Kushoto! Yanakwenda kushoto!" Kona ile ilituchukua siku nzima na kashata zote za shangazi.

Baba akagusa udongo wa shamba letu kwa ncha ya kidole, akanusa.

Wakati huohuo maji yakaanza kukaribia reli. Bwana Pole akasema "Pole, pole!" akapeleka mkono kurudisha kizibo. Baba akamdaka kifundo cha mkono. Mpare wa Chome amemshika mkubwa wa reli, mbele ya watu! Fundi Elisante akavua kofia tena.

"Usifunge!" baba akasema. "Kwetu zamu ya mtu haifungwi kabla hajamaliza kumwagilia."

"Zamu ya nani, mzee?" Bwana Pole akauliza, mkono bado umeshikwa.

Baba akanitazama. Alinitazama jinsi alivyokuwa akitazama maji.

"Ya huyu," akasema.

Maji yakaendelea mpaka ndiva ikaisha. Stesheni ilifurika, stesheni masta wa udongo akalainika, tumbo likamshuka mpaka miguuni. Bwana Pole alikuwa anafuta reli kwa leso, anacheka na kusikitika kwa pamoja. Baba akaketi kwenye kile kiti cha Fundi. Akanywa chai, vikombe vyote alivyopewa, akabisha kuhusu sukari. Kisha akasema na lile kanisa lazima lisogezwe, na akakaa mpaka tukalisogeza.

Vijana, nimekuwa na bahati. Mtu mmoja alinipa kijitu cha bati, mwingine akaniinamishia nyumba yangu nzuri, mwingine akavumilia vijiji vizima juu ya makande yake. Sikuwahi kuwashukuru vizuri, nilikuwa nafanya utani. Utani ulikuwa ndiyo shukrani yangu, na nadhani walijua.

Baba alipanda mlima kesho yake peke yake. Watu wa Chome wakamzunguka. Binti yuko wapi? Amekataa? Ameolewa na gari moshi?

"Yuko Same," akawajibu. "Ana kazi ya mifereji."

Sikuwahi kumsahihisha. Miaka yote iliyofuata, kila nilipopanda nyumbani na gundi kwenye kucha na nyasi kwenye nywele, wazee walinisimamisha njiani, na baada ya shikamoo na marahaba waliniuliza kwa heshima kabisa, "Haya, mwanetu, maji ya huko yanasemaje?"

"Yanatiririka, wazee wangu," nilijibu.